Mimi Huandika Ninachopewa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Masika yameanza. Tangu saa nane mchana mabati ya Kebirigo yanachapwa kana kwamba yamemkosea mtu.

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja: nataka kitu ambacho nikikiandika kinabaki kwangu. Najua nasikika kama mwanamke aliyeachwa, lakini wacha nieleze.

Mwaka 2012 nilikwenda dukani kwa mzee Shashikant, Kisii mjini, nikanunua programu ya kuchorea, iliyokuja ndani ya kisanduku chenye santuri ya CD na karatasi ya namba. Nilikuwa nimeweka akiba mwaka mzima. Mzee alinifungia kwa gazeti akaniambia, "Hii sasa ni yako mpaka uchoke." Sikuchoka. Nimechora nayo kadi za harusi na mabango ya makambi ya kanisa, na zaidi ya yote vijitabu vya mazishi, maana huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu chenye picha yake, wasifu wake na majina ya wote anaowaacha. Kisha Januari radi ikapiga transfoma ya soko, kompyuta yangu ikaungua na kila kilichokuwa ndani. Hii mpya haina hata tundu la santuri. Nayo kampuni iliyoitengeneza, huko iliko, haiuzi tena programu, inakodisha. Unalipa kila mwezi, na mwezi usipolipa unafungiwa nje.

Bahati yangu ni Ishan, mwana wa mzee Shashikant, ambaye sasa ndiye mwenye kiwanda chao cha uchapishaji. Desemba alinipa kiti kimoja, yaani nafasi ya mtumiaji mmoja, katika akaunti yake ya programu hiyo, nikapandisha faili zangu zote mtandaoni, mwezi mmoja kabla ya radi. Mimi namlipa Ishan, Ishan anawalipa wao. Kazi zangu za miaka kumi na mitatu ziko salama, ila haziko kwangu. Ni kama kupanga chumba katika nyumba uliyoijenga mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu Omwenga wa Gesima alinikuta nafungua duka. Mdogo wake, Omosa, alifariki Alhamisi iliyopita kwa ugonjwa wa kifua, na mazishi ni keshokutwa.

Nampenda Mwalimu Omwenga. Wateja wangu wote wangekuwa kama yeye, ningenenepa. Ni mwalimu mstaafu, hufuta viatu mlangoni, hapandishi sauti, halalamikii bei. Kamati ya mazishi yoyote Gesima, yeye ndiye mwenyekiti.

Nina desturi yangu ya kazi. Kila familia ina muundo wake mmoja wa kijitabu. Mtu akifa, nafungua kijitabu cha aliyemtangulia, natoa picha ya zamani naweka mpya, halafu narekebisha majina. Familia hupenda hivyo, wanasema wafu wao wanafanana. Kwa hiyo nilifungua cha mama yao, Kwamboka, aliyezikwa mwaka 2019, Mwalimu akakaa kando yangu akitaja nami nikifuta na kuandika. Tulipofika mahali pa Omosa, pale pameandikwa mkewe Nyanchera na watoto wao Sharon na Masese, nikauliza kama sasa niwaandike mjane na mayatima.

"Toa hapo kwanza," akasema. "Familia inakaa jioni, tutajaza baadaye."

Nikatoa. Jioni akapiga simu akasema nichapishe jinsi ilivyo. Niliwaza kidogo, sikatai. Lakini ya familia ni ya familia, na mimi huandika ninachopewa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya mawe. Wamemzika Omosa. Wanasema picha ya jalada ilipendeza sana.

Jumatatu, 10 Machi

Nyanchera amekuja. Simjui sana, ni mwanamke mrefu, mikono imekoza weusi wa utomvu wa chai. Alikuwa na kijitabu cha mumewe, kimelowa hadi kurasa zimeshikana. Hakunisalimu.

"Nimetafuta jina langu kurasa zote nane," akasema. "Miaka kumi na moja niko kwa ile boma. Umeniweka wapi?"

Nilimwambia, "Mama Sharon, pole kwa msiba, lakini mimi huandika ninachopewa. Muulize shemeji yako."

Akaondoka akaniachia matope sakafuni. Niliyapangusa nikinung'unika. Kuna watu msiba huwafanya wapole na kuna wengine huwafanya wakorofi, na huyu nimemweka kwenye kundi la pili.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna stima. Hakuna kazi.

Jumatano, 19 Machi

Nyanchera tena. Safari hii alikaa kwenye benchi la nje mpaka wateja wakaisha, halafu akaingia na kusema alichotaka bila kuzungukazunguka.

Omosa alipeleka ng'ombe mmoja wa mahari kwa wazazi wa Nyanchera na wa pili hakuwahi kufika. Cheti cha ndoa hawana. Sasa Mwalimu Omwenga anasema ndugu yake hakuwa na mke, alikuwa na mchumaji wa chai tu aliyelala jikoni. Anataka namba ya mkulima, ile ambayo majani ya chai ya Omosa hupimiwa nayo kituoni, ihamishwe kwa jina lake. Namba ikihama, pesa ya majani inahama, na baada ya pesa ni nyumba. Nyanchera na watoto watatoka.

Anachotaka kwangu ni kijitabu cha mama mkwe. Ukurasa wa tatu: Omosa, mkewe Nyanchera, watoto Sharon na Masese. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa: kimeandikwa na kuidhinishwa na Mwalimu Omwenga, mwenyekiti wa kamati. Yaani Omwenga huyohuyo alimkubali kuwa mke mbele ya ukoo mzima. Nakala ya nyumbani ilikuwa kwenye sanduku la Omosa, na sanduku lilibebwa na ndugu siku ya tatu baada ya mazishi.

Nikafungua faili ya familia. Jalada likatokea: Omosa akitabasamu. Nikatafuta nyingine, hakuna. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Programu yangu ya zamani haikuhifadhi kitu mpaka nibonyeze, nami nilizoea kubonyeza nikimaliza na kuipa kazi jina jipya. Hii ya kukodisha inahifadhi yenyewe, kila herufi, papo hapo, bila kuniuliza. Nilimwandika mwana juu ya mama yake. Kwamboka hayupo.

Nilimwambia Nyanchera kwamba imepotea. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyetarajia hivyo, akasimama akaenda. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 26 Machi

Ujumbe kutoka kwa Ishan kwa wote waliopanga viti kwake: kampuni imepandisha bei, na haitaki tena malipo ya mwezi mmoja mmoja. Kuanzia Aprili ni mwaka mzima kwa mpigo au kiti kinafungwa. Nimeusoma mara tatu. Pesa ya mwaka mzima kwangu ni hadithi ya bonasi ya chai, yale malipo ya mwaka ya wakulima, na bonasi ni Oktoba.

Jumanne, 1 Aprili

Nimefungua kompyuta nikadhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Kila kitufe kimekuwa kijivu. Majina ya faili zangu yote nayaona yamejipanga, wafu wa Kebirigo, Gesima, Nyamaiya na Manga, na juu yao mstari mwekundu: muda wako umeisha. Nikigusa faili, inakataa. Miaka kumi na mitatu ya jasho langu naitazama kupitia dirishani.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimewarudisha wateja wawili. Mmoja alikuwa wa harusi.

Jumamosi, 5 Aprili

Baada ya kanisa la Sabato nilikwenda Gesima kumwona shangazi. Si uongo, nilikuwa na langu moyoni. Shangazi hutunza kila kijitabu cha mazishi tangu zamani, amevipanga ndani ya kasha la chai kwa mpangilio wa miaka. Nikamwomba cha Kwamboka.

"Mwalimu alikipitia wiki iliyopita," akasema. "Anatafuta picha nzuri ya mama yake. Atarudisha."

Nikaaga, nikaingia kwa jirani. Pale pia Mwalimu alikuwa amepita, alikunywa chai, akaombea watoto, akaondoka na kijitabu. Nyumba ya tatu vilevile. Ya nne mama mmoja alinionyesha pale kilipokuwa kimebandikwa ukutani pamoja na kalenda, na pembe nne za gundi zilikuwa bado zimebaki. Kote wanamsifu kwa jinsi anavyomkumbuka mamake.

Niliporudi barabarani mvua ilikuwa imekaza na mlima wote ulikuwa mweusi. Vya Kwamboka nilichapa vijitabu mia tatu. Mtu mmoja, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa upole. Nilishikwa na hofu ambayo sijaisikia tangu niwe mtu mzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeuliza kituo cha chai. Karani anasema maombi ya kuhamisha namba yamefika, ila Nyanchera ameweka pingamizi, na naibu wa chifu, Bwana Anyona, amepanga baraza tarehe saba Mei. Watu wa ukoo wanajua ukweli wote. Wamenyamaza.

Jumanne, 15 Aprili

Mwalimu Omwenga alikuja dukani leo, akafuta viatu, akaketi. Alisema amesikia kazi yangu imefungwa na kwamba kamati ilikusanya kitu kidogo cha kunifungulia, maana binti kama mimi ni hazina ya jamii. Akaweka bahasha mezani. Ilikuwa nene. Sitaandika hapa kwamba sikuitamani, kwa sababu niliitamani, mate yalinijaa.

Kisha, kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe, akasema, "Na ile ya mama bado iko kwa mashine?"

Nikamjibu ukweli nilioujua: haiko, niliandika ya Omosa juu yake.

Akauliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Ndipo alipoinyanyua bahasha taratibu, akairudisha ndani ya koti upande wa moyo, akaongea kidogo juu ya mvua na jinsi barabara ya Gesima ilivyoharibika, akanitakia siku njema. Hakuona haya yoyote. Wala hakufikiri kuwa mimi nina macho.

Nilimpenda mtu huyu kwa sababu halalamikii bei.

Jumatano, 16 Aprili

Hasira ni mwalimu mzuri. Nimeshinda nikisoma kwenye simu maelezo ya programu hii, yale ambayo hakuna mtu husoma. Kumbe kwa sababu inahifadhi kila herufi, inaweka pia kila hali iliyotangulia, kwa siku sitini. Nikafungua kompyuta, nikaikuta orodha kando ya faili ya familia. Tarehe tano Machi, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni kabla Mwalimu hajaketi vizuri. Kwamboka yupo.

Nikagusa. Mstari mwekundu: lipa ili ufungue.

Siku sitini tangu tarehe tano Machi zinaisha tarehe nne Mei. Zimebaki kumi na nane.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimejaribu kujiandikisha mwenyewe moja kwa moja kwa kampuni. Inasema faili hizi si zangu, ni za mwenye akaunti. Zangu mimi!

Ijumaa, 18 Aprili

Ishan hashiki simu. Wamefunga kwa ajili ya Pasaka.

Jumanne, 22 Aprili

Nyanchera nimemkuta sokoni akiuza ndizi. Nilimwita kando nikamwambia iko, ila imefungiwa. Nilidhani atafurahi. Alisema watoto wawili hawajarudi shule kwa sababu shemeji amechukua pia vyeti vyao vya kuzaliwa, kisha akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine yeyote. Nikasema hapana. "Usiseme," akasema, na akarudi kwenye ndizi zake. Nilimwita mkorofi, na sasa naona ni mtu anayehesabu pumzi.

Ijumaa, 25 Aprili

Radi imeua ng'ombe wawili Manga. Stima ilipotea siku nzima. Kila ikipotea nafikiria saa ile ya kampuni, kule kwao, isiyojua mvua wala stima, inavyoendelea kupunguza siku.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda Kisii mwenyewe. Ishan alikuwa katikati ya mashine zake, karatasi za mitihani zimejaa hadi mlangoni, na baba yake amekaa kaunta akisoma gazeti kwa kioo cha kukuzia. Nilianza kueleza, Ishan akanikatiza.

"Dada Drusilla, wewe ni wa pili wiki hii," akasema. "Kuna mwalimu mmoja wa Gesima alikuwa hapa jana. Anataka kulipia kiti chako, mwaka mzima, na faili zote za kiti hicho ziende kwa jina lake. Nimemwambia nitampa jibu kesho."

Sijui nani aliyemwambia kwamba Kwamboka bado yumo humo. Labda shangazi, bila kujua. Labda mtu alituona sokoni na Nyanchera tumesimama karibu mno. Au labda hakuniamini tangu siku ile na ni mimi niliyejidanganya.

Nilimuuliza Ishan anawezaje kuuza kazi yangu kwa mtu. Alinijibu bila ubaya wowote kwamba kisheria ni yake, kwa sababu akaunti ni yake, na kwamba yeye mwenyewe wamempandishia mpaka amefunga viti sita kati ya kumi. Pesa ya mwalimu ingemwokoa mwezi huu. Alisema ukweli mtupu, na ukweli huo ulinitisha kuliko uongo.

Mzee Shashikant akaweka gazeti chini. Alisema kwa Kiswahili chake cha zamani, "Huyu mama nilimuuzia mimi. Nilimwambia ni yake."

Ishan akasema nyakati hizo zimeisha. Mzee akasema nyakati zimeisha lakini yeye bado hajaisha. Walibishana kwa Kigujarati kwa muda nami nikitazama sakafu. Mwishoni Ishan akanipa masharti: nimchoree majalada yote ya mitihani na kalenda za mwaka ujao, miezi mitatu bila malipo, naye ananifungulia kiti hadi mwaka uishe. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Tulifungua pale pale. Tarehe tano Machi, saa tatu na dakika kumi na mbili. Kwamboka akatokea na kilemba chake cha kanisa. Ukurasa wa tatu, mstari wa nne: Omosa, mkewe Nyanchera, watoto Sharon na Masese. Nililia mbele ya watu wa mashine. Tukachapa nakala kumi, nikazifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikazivaa tumboni chini ya sweta hadi nyumbani.

Ijumaa, 2 Mei

Mwalimu Omwenga amesimama zaidi ya saa moja chini ya kibaraza cha duka la mbolea mkabala na langu, mwavuli umefungwa, akinitazama. Nilipotoka kufunga mlango alinisalimu kwa heshima zote. Aliuliza kama mama yangu bado anaishi peke yake kule Nyamaiya. Nikasema ndiyo. Akasema mvua hii si ya kuwaacha wazee peke yao, akaenda zake.

Nimempeleka mama kwa dada yangu Keroka.

Jumapili, 4 Mei

Nimechungulia faili. Ile hali ya tarehe tano Machi imefutika yenyewe, kama walivyosema, na niliyoihifadhi upya ina tarehe ya Aprili tu. Zimebaki zile nakala kumi.

Jumatano, 7 Mei

Niandike yote, nisije nikayasahau au nikayapamba.

Baraza lilikuwa ndani ya kanisa kuu la zamani la Gesima, kwa ajili ya mvua. Watu walijaa. Bwana Anyona alikuwa mezani, kando yake mzee Ondieki wa ukoo na wengine watatu. Nyanchera alikaa mbele na watoto wake, amejifunga leso, hatazami upande wowote. Mwalimu Omwenga alisema maneno machache na mazuri: anamhurumia huyu mama, ukoo utampa chakula cha kumfikisha kwao, lakini mdogo wake hakuoa. Akainua kijitabu cha Omosa. Akasema mtu huagwa na watu wake, nao hawa hawamo.

Nikaitwa. Nikaeleza, nikagawa nakala za Kwamboka kwa wazee. Zilipita mikono, nikaona nyuso zinabadilika, nikaona mama wawili wakigusana viwiko. Nilidhani tumemaliza. Nilijisikia fahari, Mungu anisamehe, na fahari yenyewe ilikuwa ya jinsi picha ilivyotoka.

Omwenga akaomba kuniuliza maswali madogo.

"Drusilla, mwanetu, hii umeichapa lini?"

"Tarehe ishirini na tisa, mwezi uliopita."

"Mama yetu alizikwa mwaka gani?"

"2019."

"Na hiki cha Omosa, ni mkono wa nani?"

"Wangu."

"Jina la huyu mama limo?"

"Halimo."

Akawageukia wazee. "Karatasi mbili, mkono mmoja. Mashine yake inaandika chochote, mnajua, hata mimi ilinipa nywele nyeusi kwenye picha ya harusi ya binti yangu. Basi atuambie yeye mwenyewe, alidanganya katika ipi?"

Watu walicheka kidogo, hata naibu wa chifu. Mvua ilikuwa inapiga paa. Nilikuwa nimebeba jibu la siku sitini, na siku yenyewe ilikuwa imefutika. Nikaanza kusema juu ya programu na hali zilizotangulia, nikaona macho yao yananipita. Nani angeelewa? Ningekuwa mimi ningeelewa? Nilimtazama Nyanchera. Alikuwa amefumba macho.

Ndipo nikasema, "Nilidanganya Machi."

Nikamgeukia Omwenga.

"Ulikuwa umekaa kando yangu, Mwalimu, ukitaja. Ukasema nimtoe. Nikamtoa, nami najua ni mke wa Omosa, kwa sababu 2019 ulikaa kiti hichohicho ukanitajia jina lake, ukanirekebisha nilipolikosea. Sikukuuliza mara mbili kwa sababu wewe hulalamikii bei. Huyu mama alipokuja kuuliza nilimwambia huandika ninachopewa. Nilidanganya, na nililipwa."

Omwenga hakupandisha sauti. Alisema mtu aliyekiri uongo hawezi kuwa shahidi, na akaketi. Wazee wakainamiana kwa muda mrefu. Mwishowe mzee Ondieki akasimama.

"Karatasi zote mbili tuziweke kando," akasema. "Anayejua kuandika anaweza kuandika lolote. Lakini mtu hajipaki matope mwenyewe mbele ya soko lake bila sababu. Hilo ndilo tumelisikia."

Bwana Anyona akaandika: namba ya chai isiguswe na Nyanchera asitolewe mpaka mahakama iamue, na vyeti vya watoto virudishwe kesho. Mahakama. Hiyo ni miaka, na Omwenga ana subira kuliko sisi sote. Alinipa mkono mlangoni. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye joto, akanitakia kazi njema.

Nilimngoja Nyanchera nje. Sijui nilitaka nini, labda shukrani, labda tu anishike bega. Alisimama mbele yangu watoto wakiwa nyuma yake.

"Ungeniandika siku ile," akasema, "leo nisingekuhitaji."

Akawafunika watoto kwa leso, wakashuka njia ya kwenda kwao. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana sina pa kuliweka neno hilo.

Alhamisi, 8 Mei

Watu wa Manga wamekuja kuchukua picha za baba yao. Wamesema watachapisha kwingine.

Ijumaa, 9 Mei

Kazi ya Ishan tu. Majalada ya mitihani, darasa la nne.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imepungua. Saa nne hivi aliingia mteja wa kwanza tangu baraza, mwanamume wa makamo kutoka Nyamarambe. Amewaacha wachoraji wote wa Kisii mjini akaja hadi huku Kebirigo, nami nikafikiri, kumbe bado nina jina. Amefiwa na kaka. Alifuta viatu mlangoni. Alikuwa na picha kwenye simu na majina ameyaandika kwenye karatasi safi.

Kabla ya kuandika herufi hata moja nikaruka hadi pa mjane. Karatasi haikuwa na mtu. Nikauliza.

Akatabasamu kwa haya kidogo. Akasema amesikia habari za baraza la Gesima, na ndiyo sababu amekuja kwangu, kwa kuwa naelewa mambo ya familia. Pesa si shida, akasema.

Nilisimama nikazima kompyuta kwa kuchomoa waya, nikamwambia atoke dukani kwangu, na nilisema mengine ambayo kanisani hayasemwi. Hakukasirika hata chembe. Alirudisha karatasi yake mfukoni, akasema si neno, kuna kijana mwingine Kisii mjini, tena yeye anamaliza kwa saa moja.

Niliona nimeshinda. Nilitembea humo dukani nikijisifu mpaka mchana. Ndipo nikakumbuka kwamba sikumuuliza kaka yake aliitwa nani, wala boma ni lipi, wala huyo mwanamke ana jina gani. Nimepiga simu Nyamarambe kwa kila ninayemjua. Wananiuliza natafuta mazishi ya nani, na mimi sina cha kuwaambia.